Usitie saini bado: jibu kwa mdhamini mpya wa Wete

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete, Pemba. Wazee wetu walianzisha jumuiya ya udugu kwa ajili ya kuzikana na kufaana. Wenye uwezo waliacha mali: nyumba mbili Mji Mkongwe, shamba la mikarafuu upande wa Mtambwe, na nyumba hapa Wete ambamo sasa wanakaa wazee tisa wasio na watu wa kuwaangalia. Mwaka huu nimechaguliwa kuwa mdhamini. Tuko watano na hatulipwi. Nimekabidhiwa bunda la funguo na faili moja. Kamati inataka tuuze nyumba moja ya Unguja ili ilipe mishahara ya wauguzi na kutengeneza paa la makao linalovuja. Katibu ameshaandika barua, inasubiri saini zetu. Mwenzetu aliyeko Uingereza anasema huko vyama vya udugu vina nyumba za wazee tangu zamani, na anatutaka tuwaige. Naomba kujua: mdhamini ni nani hasa? Naweza kusaini? Na mambo yakiharibika, nitadaiwa mimi?

Jibu:

Maalim, nianze na lenye haraka. Barua ya katibu usiitie saini, na uwaombe wenzako wanne nao waweke kalamu chini. Sisemi kwamba nyumba haiuziki. Nasema kwamba kwa ulivyoniandikia, hakuna kati yenu aliyekwisha kulisoma faili mpaka ukurasa wa mwisho, na jibu la swali lako kubwa limo humo.

Nimekagua mahesabu ya watu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kisha nikawa mdhamini wa mali za jumuiya inayofanana na yenu, bila ya mshahara kama wewe. Nitakuambia ninayoyajua kwa uzito wake, hata kama sifuati mpango wa maswali yako.

Mdhamini ni mtu aliyeshika kitu kisichokuwa chake kwa faida ya mtu asiyeweza kukishika mwenyewe. Hati inaweza kuwa na jina lako, lakini nyumba si yako, wala si ya kamati, wala si ya wanachama wanaokutana na kupiga kura. Kuna mtu aliyeitoa, ambaye pengine keshafariki na hawezi kuulizwa. Kuna wazee tisa wanaokula kutokana nayo, ambao pengine hawajui hata iko mtaa gani. Wewe umewekwa katikati yao. Kamati kazi yake ni kuendesha: kununua mchele, kuajiri, kulipa umeme. Kazi ya wadhamini ni kuhifadhi asili ya mali, kuhakikisha mapato yanafika yalikoagizwa, na kuuliza. Kamati ikitaka kuuza asili ili ilipe matumizi ya kila mwezi, hapo ndipo mdhamini anapotakiwa asimame, kwa sababu mshahara wa muuguzi unarudi kila mwisho wa mwezi na nyumba ikishauzwa hairudi.

Sasa lifungue faili. Kwa kila kipande cha mali unatafuta jambo moja: kilikujaje mikononi mwa jumuiya? Hapa kwetu watu huliita wakfu kila jambo la heri, na mkanganyiko huanzia hapo. Mzee mmoja alitamka mbele ya mashahidi, au aliandika, kwamba nyumba hii ameiweka wakfu kwa wazee wasiojiweza. Hiyo imeshatoka katika milki ya watu. Mwingine aliipa jumuiya hiba bila ya sharti. Hiyo ni mali ya jumuiya na inafuata katiba yenu. Mwingine alitoa fedha, na jumuiya ikanunua. Na yuko aliyehama nchi akaiachia jumuiya nyumba yake iiangalie tu. Huyo wa mwisho yupo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Watoto wake wako hai mahali fulani, na haki yao iko palepale. Kila njia kati ya hizi ina jibu lake kwa barua ya katibu.

Ikiwa ni wakfu, jua kwamba wengi wetu Unguja na Pemba tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na mafakihi wake ni wakali katika hili: wakfu hauuzwi, hapewi mtu, haurithiwi. Mahanafi wamefungua mlango wa kubadilisha wakfu ulioharibika kwa mwingine wenye manufaa zaidi, kwa idhini ya kadhi. Kwetu mlango huo ni mwembamba sana. Asili ya yote ni kisa cha Sayyidna Umar na ardhi yake ya Khaybar. Alipomuuliza Mtume (S.A.W.) aifanye nini, alielekezwa azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Na mafakihi wana kauli ambayo ningependa ibandikwe ukutani mwa kila ofisi ya wadhamini: sharti la mweka wakfu ni kama nassi ya Sharia. Akiandika "kwa wazee wanawake wa mtaa huu", hamna ruhusa ya kusoma "wazee" peke yake.

Hati za zamani za Mji Mkongwe nyingi ni za Kiarabu. Tafuta msomaji mwenye elimu ya mirathi na wakfu akusomee neno kwa neno. Usitegemee muhtasari wa Kiswahili ulioandikwa pembeni kwa penseli na mtu asiyejulikana. Nimewahi kukuta muhtasari wa namna hiyo umeandika "nyumba ya jumuiya" pale ambapo hati ilitaja kisima, msikiti, na hitma ya kila mwaka kwa ajili ya mama wa mtoaji. Hitma ile ilikuwa haijasomwa kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuukumbuka.

Kisha nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nchi hii imekuwa na chombo cha serikali cha kusimamia wakfu tangu 1905, na Kamisheni iliundwa upya kwa Sheria Na. 2 ya 2007. Waombe waangalie kama nyumba zenu zimo katika madaftari yao, na kwa sharti gani. Zikionekana ni wakfu, barua ya katibu imekufa, na mazungumzo yenu yahamie kwenye kodi. Zikionekana ni mali ya jumuiya, rudi kwenye katiba yenu iliyoko kwa Mrajis (msajili) wa Jumuiya, uone inasema nini juu ya kuuza, na ni mkutano gani wenye mamlaka hayo. Jumuiya nyingi za umri wenu ziliingizwa katika daftari la Mrajis kwa Sheria ya Jumuiya Na. 6 ya 1995. Nakutahadharisha na jambo moja dogo: nimeona katiba zilizonakiliwa kutoka Bara zinazotaka wadhamini waandikishwe RITA, wakala wa usajili na udhamini. Huo ni utaratibu wa Bara. Kama katiba yenu ina kifungu hicho, muulizeni Mrajis namna ya kukirekebisha.

Shamba la Mtambwe lina maswali yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilikuwa ya Serikali, na Sheria ya 1992 inampa mtu haki ya kuitumia. Hapa kwetu, pia, mti na ardhi ni vitu viwili: mtu anaweza kuwa na mikarafuu juu ya ardhi isiyokuwa yake. Huenda jumuiya yenu ina miti tu. Huenda kipande chake ni katika eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, na aliyekupeni hakuwa na uwezo wa kukihaulisha, yaani kumhamishia mwingine. Sheha na wazee wa hapo watakueleza mpaka na historia yake. Kamisheni ya Ardhi itakueleza karatasi. Sikiliza pande zote mbili kabla ya kupanda hata mche mmoja.

Nije kwenye kodi, Maalim, kwa sababu naamini ndiko zilikojificha fedha za wauguzi wenu.

Ukipita barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, utaliona lile jengo la roshani za ubao wa nakshi lililotazama bahari, Dispensari ya Zamani. Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi 1887 akikusudia liwe hospitali. Akafariki 1891 kabla halijamalizika. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa mali iliyoachwa na mfanyabiashara mwingine likawa dispensari ya hisani. Chini zilitolewa dawa, na juu zilikuwa fleti za wapangaji. Mfano huu naupenda kwa sababu unaonekana kwa macho: ghorofa ya juu inatafuta fedha, na ghorofa ya chini inazitumia kwa wagonjwa, ndani ya kuta zilezile. Nyumba zenu mbili za Unguja ni ghorofa ya juu. Makao ya Wete ndiyo ghorofa ya chini.

Sasa jiulize ghorofa yenu ya juu inaleta nini. Nani anakaa mle? Ana mkataba? Kodi ilipangwa lini? Na aliyemo leo aliingiaje: alipewa na jumuiya, au alimpa kilemba, fedha ya kuachiwa nyumba, mpangaji aliyetoka, na jumuiya haikuona hata shilingi? Katika nyumba za wakfu na za jumuiya, mpangaji hufika mahali akairithisha nyumba kama yake, kwa kodi ya enzi za babu.

Mwaka wangu wa kwanza wa udhamini niliwekewa mbele yangu mkataba wa kuhuishwa, wa nyumba ya ghorofa mbili karibu na Hurumzi. Mpangaji alikuwa mtoto wa mtu aliyekuwa rafiki wa baba yangu. Nilisaini barazani, kikombe cha kahawa mkononi, bila ya kunyanyuka kwenda kuiangalia nyumba. Miezi minane baadaye nikapita njia ile. Chini palikuwa na duka la vinyago na vikoi, na juu vyumba vilikuwa vimegaiwa kwa wageni wa siku mbili tatu. Alichokuwa akituletea kwa mwaka mzima alikuwa akikipata kwa siku chache. Sikuweza kumwita mwizi. Mkataba niliousaini kwa mkono wangu haukumkataza lolote. Tulichukua miaka miwili na nusu kuirudisha nyumba ile kwenye kodi ya haki, na katika muda huo tulipunguza nyama kwenye chakula cha wazee.

Kilichonifanya nisaini ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu mnayejuana. Unaujua vizuri kuliko nitakavyoueleza. Umemsomesha mtu skuli, umekula naye maulidi, mama yake alikuja kumwosha mama yako. Utamwambiaje leo kwamba kodi yake haitoshi? Kinachoua amana hapa kwetu ni muhali. Mwizi huja mara moja na watu wakamfukuza. Muhali unakaa barazani mwaka hadi mwaka, na anayeulipia ni mzee asiyeonekana. Kazi yako ya udhamini, kwa ninavyoiona mimi, ni kukubali kuwa mtu atakayeuvunja, kwa adabu na kwa maandishi.

Njia iliyonisaidia ni kuliondoa jambo mikononi mwa mtu mmoja. Wadhamini mkae, mpitishe kanuni moja ya kodi kwa wapangaji wote, iandikwe, kisha barua iende kwa kila mmoja siku moja. Mpangaji akija nyumbani kwako usiku, utamkaribisha, utampa chai, na utamwambia kanuni si yako peke yako. Mleteni mthamini aseme nyumba inastahili kodi gani. Mfanyabiashara apandishiwe kwa hatua zilizotangazwa, mkataba uwe na mwisho, na kupangisha kwa mtu mwingine kukatazwe kwa neno lililo wazi. Lakini mjane aliyekaa chumba cha nyuma kwa miaka arubaini msimpimie kipimo cha duka. Yeye naye ni katika watu ambao jumuiya iliundwa kwa ajili yao. Andikeni kwamba anasaidiwa, na kwa kiasi gani kila mwezi, ili msaada huo uonekane kwenye hesabu, uishe siku atakapoondoka, na usirithiwe na mjukuu mwenye pikipiki nne za kukodisha.

Kodi ikipanda, fedha ya kwanza isiende Wete. Itengeni kwa ajili ya nyumba yenyewe. Najua hili linauma ukiwa na wazee tisa, lakini nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti. Maji ni adui yao. Mfereji mmoja wa paa ukiziba wakati wa masika, maji huingia ukutani, yakafika kwenye vichwa vya boriti, na boriti huoza ndani ambapo huoni. Fundi wa haraka atakushauri upige lipu ya saruji, na ukuta utapendeza kwa miaka miwili. Saruji inazuia unyevu usitoke, na chokaa ya ndani inageuka unga. Tafuta fundi wa chokaa, na omba kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa, maana mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Tulishaona Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ilivyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakafariki. Lile lilikuwa jengo linalojulikana na ulimwengu mzima. Nyumba ya jumuiya iliyo uchochoroni ina wewe tu wa kuitazama paa. Basi panda juu mwenyewe kila mwaka kabla ya Machi.

Shamba nitalipita upesi. Mikarafuu ina miaka ya neema na miaka mikavu, kwa hivyo usiweke mshahara wa mtu juu yake. Tumia fedha ya karafuu kwa mambo ya mara moja. Na angalia stakabadhi za ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, zimeandikwa jina la nani. Karafuu za jumuiya zikipokelewa kituoni kwa jina la msimamizi wa shamba, hata akiwa mwaminifu, siku akifariki zitaingia kwenye mirathi yake.

Yabaki makao, na hapa ndipo ninapotaka uniangalie usoni, Maalim.

Wadhamini wengi wanapenda nyumba kuliko wazee. Nyumba haina harufu, haikuulizi jina lako mara kumi, hailii. Nimekaa kwenye vikao vya saa tatu tukijadili hati, na dakika tano za mwisho mtu akauliza "na kule kwenye makao wazima?" tukajibu "wazima" na tukasoma dua. Usiwe mdhamini wa namna hiyo. Nenda makao mara moja kwa mwezi bila ya kutoa taarifa, na si kila mara asubuhi.

Mimi niliwahi kwenda saa tatu usiku. Nilimkuta bibi mmoja ana kipande cha mkate wa boflo chini ya mto. Nikadhani ni tabia ya uzee. Nilipouliza nikafahamu kwamba chakula cha jioni kinapakuliwa saa kumi alasiri kwa sababu mpishi anataka kuwahi gari, na chai ya asubuhi hutoka saa mbili. Ni saa kumi na sita za njaa, na wawili kati yao walikuwa na sukari na wakimeza dawa juu ya tumbo tupu. Hakuna kikao chochote kilichowahi kulijua hilo. Kulitengeneza hakukuhitaji kuuza nyumba. Tulibadilisha zamu ya mpishi na kumlipia nauli.

Wewe si muuguzi na usijifanye muuguzi, lakini kuna vitu ambavyo mwalimu anaweza kuviona. Nunueni mizani, wazee wapimwe uzito kila mwezi, uandikwe. Mzee anayepungua mwezi baada ya mwezi ana jambo, iwe ni meno, maradhi au huzuni, na karatasi hiyo itakuambia kabla ya mtu yeyote. Kwa mzee asiyeinuka kitandani, uliza anageuzwa kila baada ya muda gani; desturi ya wauguzi ni kama saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulalia. Ukiambiwa usiku kuna mtu mmoja tu kwa wazee tisa, fanya hesabu yako mwenyewe. Angalia daftari la dawa kama linajazwa dawa inapotolewa, au linajazwa lote siku ya Ijumaa kwa kalamu moja. Ingia chooni uone kama pana pa kushika, na kama sakafu inateleza.

Stara nayo ni huduma. Mwanamke mtu mzima asioshwe na kijana wa kiume, wala mlango usiachwe wazi kwa sababu muuguzi ana haraka. Kama wadhamini wote watano ni wanaume, na nahisi ndivyo, mtafuteni mwanamke. Yapo mambo ambayo bibi hatokuambia wewe maisha. Pia tafuteni mtu wa nje, mkunga au muuguzi mstaafu asiyeajiriwa na kamati, awe anakaa nao na kuwasikiliza. Mzee hamlalamikii mtu anayemshikia kijiko.

Fedha za wazee wenyewe zisichanganywe na za makao. Tangu Aprili 2016 Serikali inalipa Pensheni Jamii kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hiyo ni haki ya mzee. Kama makao yanachukua sehemu ya kumchangia chakula, iwepo karatasi aliyokubali, na kiasi chake kijulikane. Kinachobaki ni chake, hata akitaka kumnunulia mjukuu viatu. Hapo Wete mna makao ya Serikali ya Limbani. Ombeni ruhusa mkae siku nzima, mwone wanavyopanga zamu na wanavyoandika. Mtajifunza mengi kuliko kwenye semina.

Juu ya mfano wa Uingereza, mwenzenu ana hoja. Najua jina la Freemason linavyopokewa huku kwetu, na sikuambii uwaige imani wala desturi zao. Lakini chama hicho cha udugu kilianzisha mfuko wa wazee wake 1842, na mwaka 1850 kikafungua nyumba yao ya kwanza Croydon. Walichofika nacho leo ndicho cha kutazama: makao ya wazee yako chini ya chombo chake cha hisani chenye wadhamini wake, mbali na matawi ya chama, na nyumba zao za England zinakaguliwa na wakaguzi wa huduma wasiokuwa wanachama. Ninyi hamhitaji ukubwa huo. Mnahitaji mahesabu ya makao yawe mbali na mahesabu ya mazishi na sherehe, benki yawe na saini mbili au tatu, fedha zisikae kwenye simu ya mtu, na anayehukumu huduma asiwe yule anayeitoa.

Umeniuliza kama utadaiwa. Kanuni ya amana katika fikihi iko wazi: aliyeaminiwa hadaiwi kilichopotea, ila akivuka mpaka au akizembea. Na mahakama zetu hazitofautiani sana na hapo. Mdhamini aliyesoma, akauliza, akafuata katiba, na akaandika, hasara ikitokea hubebwa na mali. Aliyesaini bila ya kusoma, aliyempangishia shemeji yake kimyakimya, aliyeuza kisichouzika, anaweza kufuatwa yeye mwenyewe, na kutolipwa kwake hakutamwokoa. Kama kura ikikushinda katika jambo unaloona ni baya, sema kwa sauti, na usiondoke kikaoni mpaka uone pingamizi lako limeandikwa katika kumbukumbu. Kama una jamaa katika wapangaji, litaje kabla hujaulizwa na utoke nje wakati wa kulijadili.

Na hilo la kutolipwa lisikutese. Umar aliruhusu mwenye kuisimamia ardhi yake ale kwa wema bila ya kujilimbikizia. Nauli yako ya boti kwenda Unguja kukagua nyumba ni gharama ya mali, idai kwa risiti. Nimeona wadhamini wanaojilipia kila kitu kwa heshima, kisha wakachoka, wakaacha kwenda, na mali ikaanguka mikononi mwa mwenye tamaa. Wauguzi nao wapewe mikataba na waandikishwe ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Wasitakiwe wajitolee kwa sababu sisi tumejitolea.

Paa la makao lisisubiri yote haya. Madaftari ya Kamisheni na mazungumzo na wapangaji yatachukua miezi, na wazee tisa wako chini ya mabati hayo usiku wa leo. Ita mafundi wawili tofauti wakupe makadirio kwa maandishi. Kama msimu huu karafuu zimezaa, fedha yake ndiyo ya paa. Kama hazikuzaa, waiteni wanachama na mchange kwa paa hilo peke yake, kiasi kikitajwa na risiti zikibandikwa mlangoni. Na mpaka fundi apande, vitanda vilivyo chini ya uvujaji visogezwe. Nenda kavisogeze wewe na wenzako wanne, kisha mkae hapohapo mlisome faili.